Ndege Ndani ya Ndege: Tule au Tushangae?

Na Mwandishi Wetu

Ndugu msomaji, kila sikukuu inapokaribia, iwe ya Idd au ya Krismasi, swali moja huzunguka katika nyumba nyingi za mijini: safari hii wageni tuwaandalie nini? Pilau watakuwa wamekwisha kuila kwa jirani. Kuku wa kukaanga wamemzoea. Basi mwenye nyumba huanza kuwaza juu ya kitu kitakachowatoa wageni macho, na wakirudi makwao wawe na la kusimulia.

Mimi nami niliwahi kuingiwa na wazo hilo. Nilikuwa nimesoma habari za chakula cha Kimarekani ambacho kuku hutiwa ndani ya bata, bata naye akatiwa ndani ya bata mzinga, na wote watatu wakaokwa kama ndege mmoja. Bata mzinga sikumpata kwa bei niliyoiweza, nikaona nishuke ngazi moja: njiwa ndani ya kuku, na kuku ndani ya bata. Usiku wa kuamkia sikukuu nilikesha nikitoa mifupa. Alfajiri nikamshona bata wangu kwa sindano na uzi, nikamweka katika sufuria kubwa yenye makaa chini na makaa mengine juu ya mfuniko, kama wapikavyo keki wasio na oveni. Baada ya saa tatu alikuwa amepiga rangi ya dhahabu, na harufu yake ilikuwa imevuka ua.

Wageni 14 walikuwa wamekwisha nawa mikono. Nikamleta bata kwenye sinia, nikapitisha kisu katikati mbele ya macho yao, na mle ndani kukatoka damu. Njiwa alikuwa mbichi kabisa. Kuku alikuwa ameiva nusu, ule upande uliogusana na njiwa ungali mwekundu. Watoto walicheka. Watu wazima waligeuza nyuso wakatazama ukutani kwa adabu.

Shangazi yangu, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, hakucheka wala hakutazama ukuta. Aliinuka, akalichukua sinia, akarudi nalo jikoni, akawakatakata ndege wote watatu, akatia nyanya, vitunguu na tui la nazi, akachochea moto. Tulikula alasiri, mchuzi mzuri tu ambao hakuna angeweza kutambua lipi ni pande la bata na lipi la kuku. Wageni walipoondoka na mimi nimeinamisha kichwa, shangazi aliniuliza kwa upole: "Mwanangu, ulitaka tule, au ulitaka tushangae?"

Swali hilo ndilo lililonituma kuchunguza asili ya mapishi haya. Nimeona kwamba limeulizwa tangu zamani sana, na si jikoni tu, bali hata katika mabaraza ya kutunga sheria.

SHERIA YA KUKU MMOJA

Mwaka 161 kabla ya Kristo, Roma ya kale ilipitisha sheria iliyopewa jina la kiongozi aliyeileta, Gaius Fannius. Sheria hiyo iliweka kikomo cha fedha ambazo mtu angeweza kutumia kwa karamu. Mwandishi Plinius, aliyefariki mwaka 79, ameeleza kipengele kimoja chake kinachohusu ndege: ilikatazwa kuandaa mezani ndege wowote isipokuwa kuku jike mmoja, tena asiyenoneshwa.

Kwa nini dola kubwa kama ile ijishughulishe na kuku wa mtu? Kwa sababu karamu zilikuwa zimekuwa mashindano. Mwandishi mwingine, Macrobius, wa karne ya 5, ameandika kwamba katika hotuba ya kuiunga mkono sheria hiyo, msemaji aliwalaumu watu wa zama zake kwa kuandaa chakula kilichoitwa "nguruwe wa Troy". Jina hilo lilitokana na hadithi ya farasi wa mbao aliyejazwa askari, ambaye kwa hila yake mji wa Troy ulitekwa. Nguruwe huyo naye alijazwa wanyama wengine tumboni, akaletwa mezani akiwa mzima, na aliyempasua alikuta karamu ya pili ndani ya ile ya kwanza.

Je, sheria ilitiiwa? Plinius anatuambia kwamba walafi walipata mwanya upesi. Sheria ilimtaja kuku jike, basi wao wakaanza kunonesha majogoo kwa vyakula vilivyolowekwa katika maziwa. Miaka 200 na zaidi baadaye, mwandishi Petronius alitunga hadithi ya kumdhihaki tajiri mpya mmoja, Trimalchio, aliyekuwa mtumwa kisha akapata mali nyingi. Katika karamu yake analetwa nguruwe mwitu mzima. Mtumishi anamchoma kisu ubavuni, na ndege hai wanapururuka kutoka tumboni na kuzunguka chumbani. Wategaji waliokuwa wamesimama tayari na fimbo zenye ulimbo wanawanasa, na kila mgeni anapewa ndege wake. Ni hadithi ya kubuni, lakini dhihaka haiwachomi watu isipokuwa wanaijua tabia inayodhihakiwa.

MPISHI WA CEUTA

Mapishi haya hayakuwa ya Wazungu peke yao. Yako pia katika vitabu vya upishi vya Waarabu. Kitabu kimoja cha karne ya 13, ambacho jina la mtunzi wake halikuhifadhiwa, kinaeleza mapishi ya Andalusia na Afrika ya Kaskazini zama za utawala wa Muwahidina. Humo mna chakula kilichopikwa kwa ajili ya mwana wa ukoo wa watawala, Sayyid Abu al-Ala, katika mji wa Ceuta, ulioko pwani ya Afrika mkabala na Hispania.

Mpishi wa Ceuta alichukua kondoo mchanga mnono. Ndani yake akaweka bata bukini, ndani ya bata bukini akaweka kuku, ndani ya kuku njiwa, ndani ya njiwa ndege mdogo, na ndani ya huyo mdogo akaweka mdogo zaidi. Kondoo akashonwa, akaokwa katika tanuri hadi akaiva na kubadilika rangi, kisha yeye naye akatiwa ndani ya ndama na kurudishwa motoni.

Msomaji, zingatia jambo moja ambalo mimi sikulizingatia siku ile ya bata wangu. Kitabu kinasema kwamba kila ndege alichomwa au kukaangwa kwanza, ndipo akatiwa ndani ya mwenzake. Mpishi yule wa miaka zaidi ya 700 iliyopita hakuutegemea moto wa nje uende ukamwivishe aliye ndani kabisa. Alikuwa akipika ili watu washangae, lakini hakusahau kwamba baada ya kushangaa watakula.

UNGA WA KILO 25

Huko Uingereza, mwaka 1747, mama mmoja aitwaye Hannah Glasse alitoa kitabu cha mapishi kilichosomwa katika nyumba nyingi za nchi hiyo. Kati ya mapishi yake limo andazi kubwa la nyama la Krismasi, la jimbo la Yorkshire. Njiwa aliwekwa ndani ya kwale, kwale ndani ya kuku, kuku ndani ya bata bukini, na bata bukini ndani ya bata mzinga. Wote walitolewa mifupa. Pembeni vikapangwa vipande vya sungura wa mwituni na ndege wengine wa kuwinda, vikamiminiwa siagi, na juu yake vikafunikwa kwa unga uliokandwa. Bibi Glasse anasema ganda hilo hula pishi ile kubwa ya Kiingereza iitwayo busheli, yaani karibu kilo 25 za unga, na kwamba andazi lake litakaa katika tanuri lenye moto mkali saa nne kwa uchache.

Unga wote huo ulikuwa wa nini? Ganda nene lilikuwa ndilo sanduku. Glasse mwenyewe anaeleza kwamba maandazi hayo yalipelekwa London kama zawadi, na kwa hiyo kuta zake zilipaswa kujengwa imara. Siku hizo hapakuwa na gari la moshi wala jokofu. Ganda lilizuia nyama isipondeke njiani na siagi iliyoganda iliizuia isiingiwe na hewa. Hapa basi tunaona kwamba ndani ya mbwembwe mlikuwa na akili ya kazi: namna ya kuifikisha nyama mbali, katika majira ya baridi, bila kuiharibu.

NDEGE 17 NA ZEITUNI MOJA

Aliyewapita wote ni Mfaransa Grimod de La Reynière, aliyezaliwa mwaka 1758 na kufariki mwaka 1837. Baba yake alikuwa mkusanya kodi tajiri. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789, wapishi wengi waliokuwa wakiwatumikia mabwana wakubwa walijikuta hawana kazi, baadhi yao wakafungua mikahawa ya chakula mjini Paris. Matajiri wapya walikuwa na fedha, ila hawakujua waagize nini. Grimod akawaandikia mwongozo, Almanach des Gourmands, uliotoka kati ya mwaka 1803 na 1812.

Katika toleo la mwaka 1807 alieleza choma aliyoiita isiyo na kifani. Nje kabisa alikuwa tandawala. Ndani yake mlikuwa na bata mzinga, kisha bata bukini, fezanti ambaye ni ndege wa jamii ya kuku mwenye mkia mrefu, kuku, bata, kanga, bata mdogo wa majini, ndege wa msituni mwenye mdomo mrefu kama sindano, kwale, ndege wawili wa nyikani wenye miguu mirefu, kware, na mwishowe ndege wadogo wanne waimbao, kila mmoja mdogo kuliko aliyemtangulia. Jumla yao ni ndege 17. Na katika tumbo la yule wa mwisho, asiyezidi ukubwa wa kidole gumba, mlitiwa zeituni moja.

Hebu fikiri kazi iliyokuwamo. Ilibidi kuwakamata, kuwanyonyoa, kuwatoa mifupa na kuwashona ndege 17, na mkono uliofanya hayo haukuwa wa aliyekaa mezani. Jina la Grimod limebaki vitabuni. Majina ya watumishi ambao wangeketi usiku kucha na sindano hakuna aliyeyaandika.

Tena kuna hesabu nyingine ambayo Grimod hakuifikiria. Choma ile leo haiwezi kupikwa kwa halali huko Ulaya. Tandawala mkubwa wa Ulaya, ambaye dume lake huweza kupita uzito wa kilo 10, aliacha kuzaliana Uingereza mwaka 1832, na katika karne hiyo hiyo alitoweka pia Ufaransa. Waingereza walianza kumrudisha kidogo kidogo kuanzia mwaka 2004. Mmoja kati ya wale wadogo wa ndani, aitwaye ortolani, mwenye uzito usiofikia hata gramu 30, aliwindwa na kunoneshwa kwa karne nyingi kwa ajili ya meza za wakubwa, hata Ufaransa ikamwekea ulinzi wa sheria mwaka 1999. Sheria ya pamoja ya nchi za Ulaya ya kuhifadhi ndege ilikuwa imetungwa miaka 20 kabla, mwaka 1979. Orodha ambayo mwaka 1807 ilisomwa kama orodha ya vitoweo, leo yasomeka kama orodha ya majina darasani ambapo baadhi ya wanafunzi hawaitiki.

Nasi tunaye tandawala wetu. Waliobahatika kufika Serengeti au Ngorongoro wamemwona akitembea nyikani kwa mwendo wa mzee mwenye heshima zake. Ni katika ndege wazito kuliko wote duniani wanaoweza kuruka. Yeye, na kanga na kwale wa porini, si vitoweo vya kuokota. Huwindwi ndege wa porini bila kibali cha serikali.

WAMAREKANI NA NDEGE WATATU

Chakula kilichonitia mimi tamaa chatoka Louisiana, kusini mwa Marekani. Jina lake ni Turducken, neno lililounganishwa kutoka vipande vya majina ya Kiingereza ya bata mzinga, bata na kuku. Wako wawili wanaotajwa kuwa waanzilishi. Wa kwanza ni mpishi Paul Prudhomme, aliyezaliwa mwaka 1940, wa mwisho katika familia ya watoto 13 ya mkulima maskini. Alipata umaarufu kwa mkahawa wake wa mjini New Orleans, akaliandikisha jina la Turducken mwaka 1986. Alifariki mwaka 2015. Wa pili ni duka la nyama la Hebert katika mji mdogo wa Maurice, ambalo linasimulia kwamba mwaka 1985 mkulima mmoja aliwaletea ndege wake na kuwaomba wawatie mmoja ndani ya mwenzake.

Chakula hiki kingebaki cha watu wa Louisiana kama isingekuwa televisheni. Mwaka 1996 mtangazaji wa mpira wa Kimarekani, John Madden, alikionja akiwa kazini New Orleans, na tangu hapo akawa anakisifu hewani kila msimu wa sikukuu ya Shukrani mwezi Novemba. Watu wa majimbo ya mbali wakaanza kukiagiza.

Bata mzinga hubakizwa mifupa ya miguu na mabawa ili umbo lake lisipotee, ilhali bata na kuku hutolewa mifupa yote. Kati ya ndege na ndege hutandazwa matabaka ya mkate wa mahindi na ya soseji kali, ambazo aghalabu ni za nguruwe, jambo ambalo msomaji Mwislamu yampasa alijue kabla ya kukaribishwa. Hukatwa vipande kama mkate, na kila kipande huonyesha duara ndani ya duara. Mmoja hutosha watu 20 na zaidi. Prudhomme alielekeza aokwe kwa moto mdogo sana, kwa muda wa saa 12 au 13.

Saa 12! Mimi wangu nilimpa tatu.

KWA NINI KATIKATI HUCHELEWA

Joto la tanuri haliingii ndani ya nyama kama maji yaingiavyo katika mtungi. Husafiri polepole kutoka nje kwenda ndani, na kadiri nyama inavyokuwa nene ndivyo linavyochelewa. Kanuni ya fizikia inatuonyesha kwamba pande likiwa na unene maradufu, muda wa joto kufika katikati hauwi maradufu bali huwa karibu mara nne. Ndiyo sababu ngozi ya bata wangu ilikuwa ya dhahabu na njiwa wake alikuwa wa damu. Macho yalinidanganya, kwa kuwa macho huona ngozi tu.

Hatari hapa si ladha peke yake. Nyama ya kuku mbichi mara nyingi huwa na vijidudu viletavyo homa na kuhara. Vijidudu hivyo huzaana upesi katika joto lililo kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za Selsiasi, na katikati ya ndege aliyejazwa ndege ndipo hasa panapokaa katika uvuguvugu huo kwa saa nyingi. Shirika la Afya Duniani hushauri chakula kifikie walau nyuzi 70 katikati. Wamarekani kwa kuku hutaka nyuzi 74. Asiye na kipimajoto achome sehemu iliyo nene kuliko zote, na maji yatakayotoka yawe meupe, yasiwe na wekundu wowote. Na chakula kilichoiva kisikae nje zaidi ya saa mbili, hasa katika joto la miji yetu ya pwani.

TURUDI KWA KUKU MMOJA

Je, basi tuyatupe mapishi haya yote? Hapana. Tukiondoa mashindano na mbwembwe, chabaki kitu kimoja cha thamani, nacho ni ufundi wa kumtoa kuku mifupa na kumjaza. Ufundi huu hauhitaji ndege 17. Wataka kuku mmoja, yule yule wa sheria ya Fannius.

Tazama jinsi tunavyomgawa kuku katika nyumba zetu. Kuku ana mapaja mawili, na mezani kuna watu kumi. Firigisi, kwa desturi ya nyumba nyingi, ni ya baba. Mgeni apewa paja. Watoto hugombea bawa. Mama husema yeye hapendi nyama, akachovya ugali katika mchuzi. Na msaidizi wa kazi, ambaye ndiye aliyemnyonyoa kuku huyo, hupata shingo au miguu. Kila mtu mezani ajua cheo chake kwa kutazama pande lililo katika sahani yake. Lakini kuku asiye na mifupa, aliyejazwa na kukatwa vipande, hana paja wala shingo. Kila kipande kina nyama ya kidari, nyama ya paja na mchanganyiko wa katikati. Firigisi nayo imekatwakatwa mle mle, kila mtu ameipata.

Namna ya kumtengeneza ni hii. Chukua kuku wa kisasa wa kilo moja na nusu, ambaye ngozi yake haikuchanika. Mlaze kifudifudi, umpasue mgongoni toka shingoni hadi mkiani kwa kisu kidogo chenye makali. Kisha kwangua nyama taratibu ukifuata mfupa, kisu kikielekea kwenye mfupa wala si kwenye ngozi. Ukifika kwenye maungio ya paja na bawa, yakate. Mifupa ya miguu ya chini na ya mabawa iache, ili umbo lisipotee. Mara ya kwanza kazi hii itakuchukua saa nzima. Usikate tamaa, mara ya tatu itakuwa robo saa. Mifupa usiitupe, ichemshe na kitunguu na tangawizi iwe supu.

Kwa kujazia, changanya vikombe viwili vya wali ulioiva, karoti zilizokunwa, kitunguu kilichokaangwa, maini na firigisi zilizochemshwa zikaiva na kukatwakatwa, pilipili manga, chumvi na maji ya ndimu. Paka chumvi na ndimu ndani ya kuku, tandaza nusu ya mchanganyiko, panga juu yake mayai matatu ya kuchemsha yaliyomenywa, kisha malizia kwa nusu iliyobaki. Usishindilie, maana wali huvimba na ngozi hupasuka. Mshone kwa uzi wa pamba. Uzi wa nailoni haufai, huyeyuka.

Sasa fuata busara ya mpishi wa Ceuta, usiuachie moto mkavu kazi yote. Mfunge kuku katika kitambaa safi cha pamba, umtie ndani ya ile supu ya mifupa yake imfunike, umchemshe kwa moto wa wastani kwa saa moja na nusu. Mchome kisu hadi katikati ya mchanganyiko ukahakikishe kuwa ameiva. Ndipo umtoe kwenye kitambaa, umpake mafuta na bizari, na umtie rangi kwa dakika 20 katika oveni au katika sufuria ya makaa juu na chini. Mpe muda wa kupoa kidogo, kisha mkate vipande vinene kama kidole. Utapata vipande kumi, na supu ni chakula cha pili.

Nilimpika hivyo sikukuu iliyofuata. Nilimwita shangazi, nikamweka karibu nami, na sikusema neno. Alitazama kipande chake, wali wa manjano, duara la yai, vidoadoa vya maini, na nyama ikizunguka pande zote. Akakitazama cha jirani yake, na cha binti aliyenisaidia jikoni, aliyekuwa ameketi nasi. Vilikuwa sawa. Akala akamaliza, akaomba supu.

"Safari ijayo ongeza ndimu," alisema. Kisha akavuta kitu katikati ya meno yake, akakiinua juu ili sote tukione. Kilikuwa kipande cha uzi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, neno la mwisho ni hili: hesabu mishono unaposhona, na uihesabu tena unapofumua, kabla kuku hajafika mezani.